Baraka Juu ya Plastiki

"Chiang Mai nzima haina nyumba yenye hewa safi kama yangu!" Duangta aliwatangazia rafiki zake mgahawani, bakuli la tambi mbele yake, wakati moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeumeza mlima mzima. "Mashine mpya ya kusafisha hewa, kichujio kipya, na mtawa kakipaka chokaa ya baraka. Nyie endeleeni kukohoa."

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe, Buakham, mjamzito wa miezi saba, ameinamia beseni. Damu inamtoka puani, pumzi inakwaruza. Pembeni mashine inanguruma kwa bidii zote.

"Hiyo mashine yako inajua kelele tu," alisema mama mkwe, Saengla.

Duangta alichomoka mbio.

Dukani kwa Wirot, aliyemuuzia mashine, hakukuwa na salamu. Alimvuta muuzaji kwa kola, akamburuta juu ya kaunta. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ikamtupa kwenye kabati, vioo vikawamwagikia wote wawili.

"Umeniuzia feki! Mke wangu anakufa!"

"Kaka, plastiki ulitoa?" Wirot alitema damu. "Kichujio kinakuja kimefungwa plastiki. Si nilikwambia?"

"Unaniona zuzu?" Teke la mbavu. "Niliitoa siku ileile, kwa mikono hii!"

Wirot akaona maswali hayasaidii. Alidaka fimbo ya chuma ya kushushia mlango wa duka, akamtandika nayo goti. Wakabiringishana juu ya vioo, huyu anang'ata sikio, yule anakaba koo. Majirani walipoingia, Duangta alikuwa amemkalia Wirot kifuani, ngumi imechanwa na meno yasiyo yake.

"Naapa mbele yenu! Plastiki niliitoa!"

"Uliitoa lini?"

Saengla alikuwa mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, kichujio mkononi. Plastiki ilikuwa imekikaza kama ngozi ya ngoma. Juu yake alama nyeupe za mtawa, safi, hazijaguswa.

"Nilipotaka kuichana ulinishika mkono," alisema. "Ukasema baraka itafutika. Sasa Buakham yuko kwenye gari la wagonjwa, wamemwekea oksijeni. Anapumua, mtoto anacheza. Haya, baba, mwambie mwenzio ulivyoniambia mimi."

Watu wote walimgeukia Duangta. Chini yake Wirot alikohoa.

"Kaka," alisema, "basi angalau shuka kifuani kwangu."