Uzi wa Magunia

Katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mwanamke Mwislamu alipofariki mjini Busia, mtu wa kwanza kuitwa hakuwa shehe wala mchimba kaburi. Alikuwa Maimuna. Jamaa wakiwa bado wanatafuta bafta ya sanda, yeye alikuwa ameshachemsha maji, ameweka ubao uani na kuuzungushia mikeka. Baba yake alikuwa Mganda aliyevuka mpaka na biashara ya ngozi, mama yake Msamia aliyesilimu kwa ajili ya ndoa. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Mikono hiyo ilikuwa imeosha vikongwe, imeosha wazazi waliokufa na watoto wao tumboni, imemwosha hata mama yake mwenyewe.

Watu walimwamini kwa sababu moja zaidi: hakusema. Mwosha huona yasiyoonwa na wengine, na aliyoyaona yanazikwa pamoja na maiti. Kama marehemu alikuwa na kidonda cha aibu, kama uso ulikunjamana vibaya, Maimuna alitoka nyuma ya mikeka na neno lake lilikuwa lile lile: amekuwa safi, njooni mumchukue. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyotaka na yeye afanyiwe siku yake ikifika, maana mwosha huoshwa.

Ndipo akafa Hasina.

Hasina alikuwa mke wa Edris, dereva wa lori la pamba. Maimuna ndiye aliyemfunda wakati wa kuolewa, na tangu siku hiyo binti yule alimwita senga, kama Waganda wanavyomwita shangazi. Tumbo lake lilianza kuvimba kidogo kidogo, miguu ikakonda, macho yakawa manjano. Majirani walidhani ni mimba, wakampongeza, naye akawa anacheka kwa haya. Ilipokuwa wazi kwamba si mimba, gari la mradi mmoja wa utafiti lilikuwa tayari linapita huku na huko kati ya Busia na Malaba, likichukua watu wa aina yake. Daktari mmoja Mzungu alikuwa anachunguza ugonjwa wa matumbo katika hospitali moja ya upande ule, ambayo hakuna haja ya kuitaja. Watu waliambiwa kwamba kulala ni bure na dawa ni bure. Edris akashukuru, akamsindikiza mkewe mpaka kitandani.

Maimuna alikuwa akimpelekea chakula, kwa kuwa Hasina alikataa nyama ya makopo ya hospitali. Hakuna aliyeweza kumwambia ni nyama ya nini. Wauguzi walimwona ana maringo. Kila asubuhi walimtoa damu, halafu daktari akamzungushia utepe tumboni kama fundi anayepima kitambaa, akaandika, akahamia kwa mwingine. Ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na wodi ya wanaolipa, yenye magodoro mazuri na mabomba ya maji. Humo alilazwa mama wa mkubwa mmoja wa serikali, tumbo lake limevimba vile vile. Yeye aliingizwa sindano akatolewa maji, akapewa vidonge, na baada ya muda akaonekana ameketi barazani anamenya chungwa. Maimuna alimwuliza muuguzi kwa nini Hasina naye asitolewe maji. Akajibiwa kwamba wa mradi hawaguswi mpaka mradi uishe.

Hasina hakuungoja uishe. Edris alikabidhiwa maiti imeviringishwa katika shuka la hospitali na kufungwa kamba, akaambiwa asiifungue njiani kwa sababu ya maradhi. Akamleta mkewe Busia kwa lori lake, taratibu, akikwepa mashimo kana kwamba marehemu angeumia.

Nyuma ya mikeka walikuwa Maimuna na Hadijah, rafiki yake wa siku nyingi aliyemsaidia kumimina maji. Walikata kamba. Walifunua shuka. Hadijah akaachia kata ikaanguka.

Kutoka chini ya koo mpaka chini ya kitovu Hasina alikuwa ameshonwa. Si kushonwa kama daktari anavyoshona jeraha la mtu aliye hai. Alikuwa ameshonwa kwa uzi wa katani, ule wa kushonea magunia ya pamba, mishono mirefu mirefu iliyopinda, na ngozi imevutwa mpaka ikakunjana. Tumbo lile lililokuwa limevimba sasa lilikuwa limeingia ndani. Maimuna alipoligusa lilitoa sauti ya karatasi. Katikati ya nyuzi mbili ilichungulia ncha ya gazeti, na wino wake ulikuwa umechora herufi kwenye ngozi ya marehemu.

Maimuna akasema bismillahi, akamimina maji. Maji yaliingia kwa juu na kutokea chini yakiwa meusi, yananuka dawa ya kuhifadhia maiti. Akamimina tena. Yakatoka tena. Hii ilikuwa maiti isiyosafishika, na harufu ile ilimkaa puani na mdomoni kama kitu alichokila.

Akamwita Shehe Sulaiti aje asimame nje ya mikeka, akamweleza kwa sauti ya chini. Shehe akamwelekeza azibe kwa pamba, afunge kwa vitambaa, na sanda iongezwe. Akaongeza kwamba jambo hilo liishie hapo.

Wakazika. Edris alishuka kaburini mwenyewe, akampokea mkewe mikononi, na Maimuna aliyekuwa anaangalia kwa mbali na wanawake wengine aliona alivyoshtuka kidogo kwa wepesi wa mzigo.

Kwa siku kadhaa Maimuna hakuweza kula. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akanawa kwa ndimu, na bado akishika tonge aliisikia harufu ile. Lakini kilichomchefua zaidi hakikuwa harufu. Lilikuwa lile gazeti. Alijiambia kwamba mtu anayempasua mwenzake akitafuta ugonjwa, huenda ana sababu yake. Mtu anayemjaza mwenzake takataka, halafu akamfunga kamba na kumkabidhi kwa mumewe, huyo ana sababu gani?

Akapanda gari akaenda hospitali.

Nyuma ya jengo, kwenye chumba cha maiti, alimkuta Bwire, mlinzi wa mlango ule, Msamia kama mama yake. Maimuna alimsalimu kwa Kisamia, naye akafurahi. Alipomwuliza kuhusu Hasina, furaha ikamtoka. Akasema yeye hufungua na kufunga tu. Akasema wote wa mradi wanafanyiwa hivyo. Maimuna akataka kujua kama na yule mama wa mkubwa angefariki angepasuliwa. Bwire akasema wale wa wodi ya kulipa, ndugu zao huulizwa kwanza.

"Na sisi mbona hatuulizwi?"

Bwire alitazama funguo mkononi. "Nyinyi hamuulizwi, mama, kwa sababu mtakataa."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini mlango unafungwa mvua ikinyesha.

Daktari alimpokea vizuri. Hilo Maimuna alilikumbuka baadaye kwa chuki kuliko yote. Alikuwa mtu mpole, mikono safi, kucha zimekatwa, akaagiza chai. Karani wake, Methuselah, kijana wa suti, ndiye aliyefasiri. Kwa kinywa cha karani daktari alimpa pole, akasema anaheshimu mila za watu wa hapa na anajua jinsi wanavyoogopa maiti. Maimuna, aliyekuwa ameshika maiti zaidi ya daktari yeyote wa hospitali ile, akamwuliza karani anasema mila za watu gani. Methuselah hakufasiri. Alisema tu, "Za Waafrika, mama."

Akauliza Hasina alikufa kwa nini. Daktari akasema bado hawajajua, ndiyo maana wanachunguza. Akauliza kama zile dawa alizopewa yule mama mwingine zingemsaidia. Daktari akasema huenda, lakini ukimpa kila mtu dawa hujui ugonjwa wenyewe unaendaje. Alisema haya akimsogezea bakuli la sukari.

"Basi nirudishieni mlichotoa," Maimuna akasema. "Nikakizike na mwenyewe."

Karani na daktari walisemezana Kiingereza. Daktari akatabasamu kidogo, tabasamu la huruma. Methuselah akageuka akasema vile vitu vimeshapelekwa Ulaya kwa ndege, kwenye chupa.

Hasina hakuwahi kufika hata Nairobi. Maimuna alikuwa ameshakunywa funda moja la chai ile. Aliweka kikombe, akainuka bila kuaga, na hakufika mbali. Aliinama pembeni ya ukuta wa hospitali akatapika mpaka machozi yakamtoka, na muuguzi mmoja aliyepita akamwambia asichafue hapo.

Alipoinua kichwa aliona mwanamke ameketi kwenye ngazi ya chumba cha maiti, miguu ameinyosha, mikono imelala mapajani. Alikuwa Mteso kutoka upande wa Amagoro, jina lake Anyait. Maimuna alijua neno moja tu la Kiteso. "Yoga," akamsalimu. Kwa Kiswahili cha kuokoteza Anyait akamweleza kwamba mumewe amekufa jana, yuko ndani, naye ameambiwa asubiri daktari amalize. Shemeji zake wako nje ya lango na mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa hajui daktari anamaliza nini.

Miaka yote ile Maimuna hakuwahi kusema alichokiona kwenye mwili wa maiti. Lakini akajiuliza kama ile ilikuwa aibu ya Hasina. Aibu ya mwenye kushonwa, au ya mwenye kushona? Na akinyamaza, anamsitiri nani?

Maneno ya Kiswahili ya kumtosha Anyait hakuwa nayo. Basi aliweka kidole chini ya koo lake mwenyewe, akakishusha taratibu mpaka chini ya kitovu. Kisha akafanya kama anayeshona gunia. Kisha akaonyesha mlango.

Anyait akainuka, akaenda langoni, akarudi na shemeji yake Ongodia na wanaume wengine wa ukoo. Hawakupiga kelele. Walisimama mbele ya Bwire. Ongodia akasema wamekuja kumchukua ndugu yao sasa hivi, alivyo. Bwire alitazama kule ofisini, akatazama zile sura, akafungua kufuli na kusogea kando. Walimtoa marehemu, na palepale juani Anyait akalifunua shuka. Mwili wake ulikuwa mzima, haujapasuliwa. Akamfunika, akaja akamshika Maimuna mikono yote miwili.

Jioni hiyo Maimuna alimwendea Shehe Sulaiti akamwarifu kwamba atamwambia Edris. Shehe alikasirika. Akasema Waislamu wa Busia ni wachache, wamekuja kutoka kila pembe, na si vizuri kuanza ugomvi na serikali.

"Maiti haulizwi sanda, mama," akasema.

"Sanda nilimpa mimi, shehe. Gazeti alipewa na nani?"

Alimkuta Edris anaosha lori. Alimwambia yote, kuanzia uzi mpaka ndege. Edris alikaa kwenye gurudumu la akiba lililolazwa chini, kitambaa kinamdondoka maji mkononi.

"Kwa hiyo nilimzika nusu," akasema.

Maimuna akamtwalia kile kitambaa, akakikamua.

"Ningemwacha afe nyumbani, senga. Angekufa akiwa mtu."

Habari ilisambaa kama moto wa mabua, kwa Kiluhya, kwa Kiteso, kwa Kiganda, na kila lugha ikaongeza chumvi yake. Gari la mradi likawa linakuta maboma matupu. Lakini gari la chanjo nalo likakuta maboma matupu. Jirani yake Maimuna, Roselida, alimficha mtoto wake mwenye surua ndani ya nyumba, akakataa katakata kumpeleka kwa daktari yeyote, na mtoto akafa. Kwenye matanga bibi wa mtoto alimwambia Maimuna kwa fahari kwamba angalau wao hawakumpeleka kule. Maimuna akatoka nje akatema mate. Kinyaa kilimrudia kile kile, na safari hii hakujua amtemee nani: wale waliofanya imani ya watu ikaoza, au yeye aliyeufunua uvundo bila kuwaambia watu wapi kuna hewa.

Tangu hapo akisimulia alikuwa anaongeza: nendeni hospitali, lakini msiende peke yenu, na muulize.

Mradi haukuomba radhi. Baada ya msimu mmoja wa pamba, lile gari halikuonekana tena Busia wala Malaba. Watu wakashangilia. Bwire ndiye aliyemwambia Maimuna ukweli, walipokutana sokoni. Akasema kwamba hawakufunga kitu, wamehamia kule chini, Usamia, ambako watu hawajasikia.

Maimuna alisimama na kikapu chake. Wale wa mradi walikuwa hawajajifunza kuuliza. Walikuwa wamejifunza kutafuta wasiojua.

Akaenda Funyula, huko Usamia kwa kina mama yake, siku ya soko. Hakuwa na jamaa aliyebaki huko. Aliulizia kiongozi wa akina mama wa kanisa, akaonyeshwa Zilpa, mwanamke mrefu aliyekuwa anapanga dagaa kwenye gunia, wenzake wamemzunguka. Waliutazama ushungi wa Maimuna, wakatazamana. Zilpa akamwuliza kwa Kiswahili, kwa ubaridi, kama anauza au ananunua.

Maimuna akamjibu kwa Kisamia kwamba hauzi wala hanunui, yeye kazi yake ni kuosha maiti. Mwanamke mmoja akasogea akampisha nafasi. Maimuna akakaa chini, akakunja mikono yake mikubwa mapajani, akaanza kuwasimulia habari za Hasina.