Fimbo Sita za Bwana Gaudreau

Mwaka gazeti la La Cloche lilipotimiza miaka ishirini na mitano, Bwana Philias Gaudreau, mwenye gazeti, aliamua kuandika historia yake. Yaani ya gazeti, ingawa kwa maoni yake hapakuwa na tofauti kubwa.

Kuipanga kwa herufi za chuma ilikuwa kazi ya Exilda Bissonnette, aliyepanga kila toleo tangu la kwanza. Alizisoma zile kurasa tatu akiwa amesimama mbele ya kasha la herufi, kisha akazisoma tena polepole, maana hakupenda kumhukumu mtu haraka. Padri alitajwa mara tisa, askofu mara nne, na farasi aliyevuta mashine ya kuchapia kutoka stesheni alitajwa mara moja, kwa jina lake. Exilda hakuwemo.

Angenyamaza, lakini kulikuwa na sentensi hii: "Kwa miaka ishirini na mitano sijaiacha meza yangu hata wiki moja."

Kando ya mlango, ndani ya pipa la miavuli, zilisimama fimbo sita zenye vichwa vya dhahabu.

Pale Woonsocket, mji wa viwanda wa Marekani, kila mtu aliyetoka Quebec ya Kanada kuja viwandani alisema anarudi kwao mwakani. Aliyeondoka kweli, akiwa mtu wa heshima, alifanyiwa karamu, akasomewa hotuba, akapewa fimbo ya namna hiyo. Bwana Gaudreau alikuwa amerudi kwao moja kwa moja mara sita. Kila mara aliandika kwaheri gazetini, akalia, akala pai ya nguruwe, akapanda treni. Kila mara alikuta shamba la baba yake lina mawe yaleyale na kaka yuleyule, na baada ya mwezi na kitu akashuka tena stesheni, akisema hali ya hewa ya kule imeharibika. Muda wote huo gazeti lilitoka. Aliyeliandika, kuanzia tahariri hadi habari za ubatizo, ni Exilda.

"Bwana Gaudreau, hii sentensi," alisema.

"Ina kosa?"

"Herufi ziko sawa."

"Basi panga, mama."

"Na zile safari za Kanada?"

"Nilikwenda kupumzika."

"Ulituaga mpaka Siku ya Kiyama. Nilizipanga mwenyewe hizo kwaheri."

Ovila, mwendesha mashine, akajifuta mikono. "Kwa ile karamu ya nne mama yangu alipika maharagwe ya watu themanini. Mpaka leo amekununia, mzee."

"Historia haiandikwi kwa maharagwe, Ovila." Bwana Gaudreau akamgeukia Exilda. "Unataka jina lako liwemo."

"Ndiyo."

"Nani anataka kujua aliyepanga herufi?"

"Sisemi habari za herufi."

Bwana Gaudreau akavaa kofia, akaenda kwa kinyozi.

Exilda aliipanga historia ile yote bila kugusa hata koma. Chini yake ilibaki nafasi. Akashusha magazeti ya zamani kutoka rafuni, akatafuta zile kwaheri sita, akazipanga moja baada ya nyingine pamoja na tarehe zake, machozi yake na baraka zake. Chini ya kila moja aliongeza mstari mmoja: "Toleo lililofuata liliandikwa na Exilda Bissonnette." Alijua huenda Jumamosi, gazeti likitoka, asiwe na kazi. Akamwambia Ovila awashe mashine.

"Mimi sijaona kitu," Ovila akasema, akaiwasha.

Jumamosi mji mzima ulikuwa unacheka, na kwa kinyozi, ilisemekana, padri aliomba asomewe tena ile ya tatu. Bwana Gaudreau aliingia na gazeti mkononi, akalisoma akiwa amesimama, lote, mpaka chini.

"Ile ya tano niliiandika vizuri," alisema hatimaye.

"Uliilia mpaka wino ukachuruzika. Niliisoma kwa shida."

Akaenda kwenye pipa, akachagua taratibu, akatoa fimbo ambayo dhahabu yake ilikuwa imebanduka na shaba kuonekana. Akailaza juu ya kasha la herufi.

"Kachagua mbovu," Ovila akanong'ona. "Sasa na wewe unatuaga, Bi Exilda?"

"Niende wapi, nimeacha ukurasa wa pili wazi."

Dirisha la chumba kile, la kufunguliwa kwa kusukumwa juu, lilikuwa likishuka lenyewe tangu toleo la kwanza. Exilda akalisukuma, akalitegemeza kwa ile fimbo, akarudi kwenye herufi zake.