Kochi Limeingia, Halikai

Kochi refu la kijani lilikuwa limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, miguu yake minne imeelekea angani. Wapagazi wawili walilisukuma kwa mabega huku wakilisema vibaya kwa sauti ya chini. Nyuma yao, kibarazani, kaka mtu alikuwa akitoa amri. "Inua kulia! Kulia kwangu, si kulia kwako!" Ndani ya chumba Shangazi alisimama na utepe wa kupimia shingoni, mikono ameikunja, akiuomba mlango ule moyoni usimwangushe.

Walimwita Shangazi hata watu wasio na undugu naye. Jina lilianzia kwa watoto wa kaka yake, likahamia kwa wifi, likaenda kwa majirani mpaka kwa muuza nyama. Miaka kumi na tisa aliishi kwa kaka, akilala chumba cha watoto. Kila mtoto aliyekua alipewa chumba chake, na yeye akabaki na yule aliyefuata. Mchana alishona mapazia dukani, na alikuwa amepima madirisha mengi ya watu hata akaweza kukisia upana kwa jicho tu, asikosee zaidi ya kidole. Dirisha lake mwenyewe hakuwa nalo.

Mgala muue na haki yake mpe. Kaka alimpokea siku alipokuwa hana mbele wala nyuma, hakumwuliza atakaa hadi lini, na hakumlaza njaa hata usiku mmoja. Lakini shukrani ikikaa miaka kumi na tisa huota mizizi, na mtu huanza kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote bila hata kuambiwa.

Nyumba hii aliinunua kijiko kwa kijiko. Si kuta, kuta zilikuwa za kupanga, vyumba viwili tu nyuma ya karakana ya matairi, bali vyombo vilivyomo. Kwa mwaka na nusu alinunua na kuficha chini ya meza ya kukatia vitambaa: leo ndoo, mwezi ujao chupa ya chai, kisha sufuria mbili zilizoingiana kama mama na mwana. Kitanda alikichukua kwa seremala kabla hakijapigwa vanishi, maana vanishi nayo ina bei yake, akakipiga msasa mwenyewe Jumapili mbili mpaka vidole vikachubuka. Kiti kilikuwa kimoja, cha mbao, kutoka ofisi iliyokuwa ikihama. Kilikuwa kikiyumba, akakitilia kipande cha ngozi chini ya mguu, kikatulia. Basi. Chumba cha mbele kilibaki kitupu, na akikohoa, ukuta wa pili humjibu. Usiku wa kwanza alikohoa tena kwa makusudi, akacheka peke yake.

Juzi ndipo simu ilipokuja. Kaka amenunua viti vipya, kwa hiyo vya zamani, seti nzima, ni vya Shangazi. Wifi aliichukua simu kukazia. "Tunakupa kwa moyo mmoja. Na mama yangu akija kliniki mwezi ujao, atakuwa na pa kulala. Hapo kwako pametulia, halafu unamjua, hataki kulishwa na mtu mwingine ila wewe." Kaka naye akasikika kwa nyuma: "Lile kochi la mtu mmoja aliweke lielekee mlango! Jumapili nitakuwa napumzikia hapo!"

Shangazi alijua mara moja kinachokuja ndani ya pikapu itakayoleta viti hivyo. Viti vikishaingia, nyumba ya kaka itakuwa imehamia kwake, na yeye atarudi kuwa yule yule, na safari hii hatakuwa na pa kuhamia tena. Lakini neno la kukataa hakuwahi kulizoea. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akakumbuka vipimo. Mlango, sentimita sabini na sita. Kochi, hata ulibane vipi, tisini. Akavuta pumzi. "Leteni tu," alisema. Mlango ndio utakaokataa kwa niaba yake, na hakuna atakayemnunia mlango.

Ndiyo maana sasa alisimama akiomba. Na mlango ulijitahidi, haki ya Mungu ulijitahidi. Kochi halikwenda mbele wala nyuma.

"Basi, kaka," alisema, akijitia masikitiko. "Haliingii. Tutafanyaje?"

Yule mpagazi mkubwa, ambaye mwenzake alimwita Injinia, alichuchumaa akachungulia chini ya kitambaa. Alipapasa, akatabasamu. "Bosi, hii kitu inafunguka. Miguu ni ya kuzungusha, na huu mkono una bolti mbili tu."

Akatoa spana mfukoni. Dakika tano hazikufika. Kochi liliteleza mlangoni kama limetiwa mafuta, likarudishiwa mkono na miguu, likatandaza mgongo wake kutoka ukuta hadi ukuta. Kaka akaingia, akajitupa juu yake, vumbi likaruka.

"Unaona? Penye nia pana njia. Leteni mengine!"

Shangazi alikitazama chumba. Hakikuwa chumba tena, kilikuwa sebule ya kaka iliyopunguzwa. Mlango ulikuwa umemsaliti, na hakuna mwingine wa kumtuma.

"Kaka," alisema. "Litoke."

"Nini kitoke?"

"Kochi. Na hayo mengine yasishushwe."

Kaka alicheka. "Si limeshaingia?"

"Limeingia, lakini halikai."

"Umechoka wewe. Utakalia nini? Una kiti kimoja kama mwalimu wa zamu!"

"Nitakalia hicho hicho kimoja."

"Mdogo wangu, acha kiburi. Mtu umepewa cha bure."

"Si cha bure, kaka. Lina mama mkwe wako ndani yake. Lina Jumapili zako zote mpaka nizeeke."

Injinia aligeuka akaanza kuikagua dari, kana kwamba nayo ina bolti.

"Wewe ulinipa pa kulala nilipokuwa sina," Shangazi aliendelea. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Sisahau, na ninakupenda. Mama mkwe nitamfuata kliniki na kumshika mkono, ukinipigia ukaniuliza kama nina nafasi. Lakini humu ndani sitaki kitu ambacho sikukichagua, hata kiwe kizuri namna gani. Lingekwama pale ningenyamaza, ningeusingizia mlango. Sasa limepita, basi nakwambia kwa mdomo wangu. Sitaki."

Kaka alimtazama kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akainuka kwa shida, maana kochi lile humeza mtu.

"Wifi yako nimwambie nini? Kwamba mlango mdogo?"

"Mwambie nimekataa."

Alitoka bila kuaga. Bolti zikafunguliwa tena, kochi likatoka, pikapu ikanguruma na kwenda. Shangazi alifunga mlango, akausubiri uchungu uje. Badala yake kilichopanda kilikuwa kicheko, kikamtoka hadi machozi, akashika ukuta asianguke. Alikuwa amekataa! Yeye! Na ukuta ulikuwa bado umesimama.

Alipotulia alivuta kiti hadi dirishani, akapanda, akaanza kutundika pazia lake lenye michoro ya ndege, kulabu moja baada ya nyingine.

"Hodi."

Mkono ulimganda juu. Neno lile alikuwa amelisema mara elfu kwenye milango ya wateja. Kuambiwa yeye, hajawahi. Asiye na mlango atapigiwa hodi na nani?

"Hodi hapa." Safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

"Nani?" aliuliza, ingawa sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Mimi. Kaka yako."

"Subiri kidogo, namalizia pazia."

Kaka akasubiri. Kulabu zilibaki tatu. Alizitia bila haraka, ya mwisho ikaenda kombo, akaitoa akaitia upya. Ndipo aliposhuka, akajifuta mikono na kufungua.

"Karibu."

Kaka alifuta viatu, akaingia. Macho yake yalikwenda dirishani.

"Hawa ndege wako wamelala chali."

"Nilikata kitambaa juu chini. Mteja akawakataa, nikawachukua mimi."

Kaka aliguna, mdomo ukitaka kutabasamu na kujizuia. Alisimama katikati ya chumba, mtu mzima wa miaka sitini, asijue mikono aiweke wapi.

"Nikae wapi?" aliuliza.

Shangazi aligeuka akakitazama chumba chake taratibu, kona kwa kona, kama mwenye viti ishirini anayetafuta kile kitakachomfaa mgeni.