Mume wa Bibi

Mwokaji mikate alikuwa ameshainuka kitini mara ya nne, na karani hata ukurasa wa kwanza hajaumaliza. Nesi, mchumba wake, akamvuta shati. "Kaa basi, unanitia kizunguzungu." Akakaa. Goti likaendelea kucheza peke yake.

Angetuliaje? Leo Jumatano. Kibali chake cha kuishi katika nchi hii ya watu kinakwisha Ijumaa, na ofisi ya ndoa haimfungishi mgeni asiye na kibali. Ilibaki karatasi moja tu, kiapo cha mzazi kwamba hajaoa. Wazazi hana. Kalelewa na bibi yake, na bibi ndiye aliyeapa huko nyumbani, karatasi ikatumwa.

Karani akavua miwani. "Hapa pana mke."

"Mke gani tena?"

Mkalimani wa ofisi, mzee asiyejua haraka, akasoma kiapo alichokitafsiri neno kwa neno: "Naapa kwamba mume wangu huyu hajaoa mwanamke mwingine yeyote."

Lo, bibi huyu! Mwokaji karithi jina la babu yake, basi tangu yuko kwenye nepi bibi humwita mume wangu, na nesi naye keshabandikwa jina la mke mwenza. Utani wa bibi na mjukuu, nani asiyeujua? Asiyeujua ndiye huyo mwenye muhuri.

"Alete talaka," karani akasema, "au huyo mama akanushe mwenyewe."

Wakapiga simu, wakaweka spika. "Bibi, sema mimi si mume wako. Sema tu, nakuomba. Ijumaa hiyo inakuja."

Wakasikia kiti kikivutwa. Mwokaji alijichukia, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Mke mwenza yupo hapo?"

"Nipo, bibi," nesi akajibu.

"Mtunze. Hapendi chai iliyopoa." Kisha akasema polepole, ili waandike vizuri: "Mume wangu alikufa zamani. Huyu ni mjukuu wangu."

Mkalimani akaandika. Karani akagonga muhuri, akawapangia ndoa kesho saa nne. Nesi akamkumbatia mchumba wake, anacheka huku analia. Mwokaji alitaka kucheka naye, ila akainamia simu. Tangu azaliwe, bibi hakuwahi kumwita mjukuu.

"Bibi?" akaita. Simu ilishakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa.