Mlango wa Doña Chelo

Studio ile ya kurekodia tamthilia mjini Burbank haikuwa na dirisha hata moja, ndiyo maana Emeric aliweza kufanya kazi humo mchana. Alisimama mahali pa mwigizaji mkuu wakati mafundi wakipanga taa. Tamthilia yenyewe ilimhusu mnyonya damu anayetaka kutubu. Hakuna aliyejua kwamba Emeric ni mnyonya damu kweli.

Nyumba za studio zilikuwa mbao na rangi tu, hazina mwenyewe, kwa hiyo aliingia humo apendavyo. Nyumba za watu zilimzuia mlangoni kama ukuta, mpaka mwenyewe amkaribishe. Wakati wa chakula aliketi peke yake kwenye meza ya maigizo, akishika vikombe vitupu.

"Wewe umepauka kuliko huyo anayelipwa kupauka," alimtania Doña Chelo, mshonaji wa mavazi, bibi wa miaka sabini na minane. "Unakula kweli?"

"Nakula, mama."

"Mwongo! Haya, kesho msinitafute. Ni Siku ya Wafu, marehemu wetu hurudi nyumbani usiku; namwandalia mdogo wangu Rubén. Ni mwaka wa hamsini sasa, na aliyemuua sijamjua mpaka leo."

Emeric aliinamisha kichwa. Alimjua muuaji huyo. Kwa ajili hiyo alikuwa amemfuata huyu mama mpaka studio, akitamani kumwambia.

Kesho yake, jua lilipozama, Emeric alisimama nje ya nyumba ya huyo mama. Petali za maua ya njano zilitandazwa toka barabarani hadi kizingitini, ziwaonyeshe wafu njia. Ndani kulikuwa na mishumaa, mkate na picha ya kijana. Doña Chelo akaja mlangoni, akasema kama mama yake alivyomfundisha:

"Wafu wetu, karibuni. Ingieni, mle chakula, mpumzike."

Emeric akahisi ukuta umeanguka. Naye alikuwa mfu. Akainua mguu. Harufu ya mkate, kiti cha kweli, nyumba yenye mwenyewe! Lakini mwaliko ule ulikuwa wa Rubén. Akaurudisha mguu nyuma.

"Nani hapo? Emeric? Mbona umesimama kama mwizi?"

"Mama, mimi ndiye niliyemuua Rubén. Mimi ni mnyonya damu."

"Mizaha ya kazini iache kazini, mwanangu."

"Shati lake lilikuwa na jina kifuani, kwa uzi mwekundu. Herufi ya mwisho ilipinda."

Tabasamu likamfutika Doña Chelo usoni. Jina lile alilishona mwenyewe, na shati halikurudi nyumbani.

"Alisema nini kabla ya kufa?"

"Alikuita wewe."

Akashika mwimo wa mlango. Akautazama uso ule wa kijana, usiozeeka.

"Leo sifukuzi mfu yeyote," akasema. "Lakini nakuomba usiingie."

"Siingii, mama."

"Rudi mwaka kesho. Labda nitakuwa na neno la kukuambia."

Akausukuma mlango taratibu, akaacha upenyo kwa ajili ya mdogo wake.

Emeric akapiga magoti kando ya petali. Tangu afe hakuwa amewahi kuomba. Hakuomba kusamehewa. Alimwomba Mungu ampe yule mama mwaka mmoja zaidi.