Kioo cha Kushoto

Lori halikumgusa Koki. Lilichukua bomba tu.

Alikuwa anakata kona kuingia kwa mteja wake, kipande cha bomba la plastiki cha mita mbili amekifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Aligeuza shingo kuangalia nyuma, bega la kulia, kumbe hatari inakuja kushoto. Akasikia honi, akasikia upepo wa moto shavuni, akasikia kitu kikipasuka, paa! Alipofanikiwa kusimama, mpira ulikuwa unaning'inia, bomba halipo, na lori linatokomea na kipande chenyewe kimenasa ubavuni kama kijiti kwenye meno.

Koki akashuka. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akajipapasa mbavu, mikono, masikio, akahesabu vidole. Vyote vilikuwepo. Mteja alitoka getini akamkuta katika hali hiyo, akauliza, "Vipi fundi, mbona umekaa chini?"

"Napima mteremko wa maji," Koki akajibu, kijasho chembamba kikimtiririka.

Alikuwa fundi bomba wa miaka mingi. Jina la Koki alipewa kwa sababu hakuna koki iliyowahi kumshinda, na jina lake halisi lilibaki kwa mama yake mzazi tu. Pikipiki alikuwa nayo mwaka wa sita. Ilikuja na vioo vyake vya pembeni, akavifungua wiki ile ile ya kwanza, kwa kuwa vilikuwa vinagonga mlango wa uani na, kwa maneno yake mwenyewe, vilimfanya aonekane kama mende aliyepanda juu ya mende mwingine. Tangu hapo alikuwa anageuza shingo. Na alijisifu kwamba shingo yake ni nyepesi kuliko ya bundi.

Nyumbani hakusema neno kuhusu lori. Mkewe alikuwa anapepeta mchele jikoni. Koki akaegemea mlango, akasema kama mtu anayepita tu, "Nafikiri ninunue vioo vya pembeni vya pikipiki."

Ungo ukasimama hewani.

"Vikubwa?" mkewe akauliza.

"Vya kupendeza."

"Nunua vikubwa, baba watoto."

"Ili ujipake wanja huko nyuma?"

Mkewe akacheka kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Koki akaenda kuoga akiwa ameridhika. Mkewe alikuwa dobi kwenye hospitali, upande wa kufua mashuka, na kila asubuhi kwa miaka sita Koki alimpeleka kazini kwa pikipiki. Kwenye kijiwe cha mafundi alipenda kusema kwamba wanawake wengine huogopa mwendo, lakini wa kwake ni chuma. "Hajawahi kuniambia punguza hata siku moja," angesema, kifua mbele. "Hata kope hazimtikisiki." Na wenzake walimwonea wivu.

Jumamosi akaenda duka la vipuri. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa vioo, vya duara, vya pembe tatu, vya rangi ya samawati, vya mikono mifupi na mirefu, kiasi kwamba Koki aliingia mmoja akajiona thelathini. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na grisi kwenye kucha.

"Karibu kaka. Umevunja au huna kabisa?"

"Sina kabisa."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Yule mama akavaa miwani, akamtazama juu hadi chini. "Na bado unatembea kwa miguu yako," akasema.

Koki akachagua vioo vidogo vya duara, vile vinavyofungwa kwenye ncha za usukani, vyeusi, vinang'aa kama macho ya paka. Mwenye duka akasema hivyo ni vya watu wa kupiga picha. Koki akasema yeye ndiye mnunuzi. Basi vikafungwa pale pale mbele ya duka. Koki akapanda, akakaa vizuri, akashika usukani.

"Unaona nini?" mwenye duka akauliza.

"Naona kiwiko."

"Na upande wa pili?"

Koki akageuka. "Kiwiko cha pili."

"Barabara?"

"Barabara haipo."

Vikafunguliwa. Mwenye duka akamletea jozi ya mstatili, vipana, mikono mirefu, vimebinuka kidogo katikati. "Hivi havina sura," akasema, "lakini utaona hadi ulikotoka. Ila sikiliza. Kwa kuwa vimebinuka, vinasogeza vitu mbali. Gari ukiliona dogo humo, jua limeshafika mgongoni."

Cha kushoto kilijifunga kama kilizaliwa hapo. Cha kulia kikagoma. Koki akaomba spana mwenyewe. Yeye, mtu wa nati na mabomba, ashindwe na kioo? Akakaza, kikachomoka. Akakaza tena, kikachomoka. Jasho likamtoka, na wateja wawili wakasogea kutazama.

"Kaka," mwenye duka akasema kwa upole uliouma zaidi ya kicheko, "upande wa kulia wa pikipiki hii unakazwa kinyume."

Koki akaduwaa, spana mkononi. Kinyume! Kama nati ya mtungi wa gesi, ambayo yeye mwenyewe huwacheka wenye nyumba wanapoihangaikia. Akazungusha kinyume, kikaingia laini. Hakuinua macho hadi alipomaliza.

Kisha mwenye duka akamketisha kama anayeendesha, akaenda nyuma hatua kumi na tano, akawa anatembea huku na huko kama askari wa gwaride. "Unaniona kichwa au miguu?" akapaza sauti. "Miguu!" "Inua kioo! Sasa?" "Tumbo!" "Hilo halikosekani. Inua tena!" Hata walipomaliza, Koki aliiona barabara yote nyuma yake, watu, mikokoteni, mbuzi, na akashtuka kugundua kwamba huko nyuma siku zote kulikuwa na mambo mengi namna ile.

Jumatatu asubuhi mkewe akatoka, mkoba begani, leso kichwani. Akaviangalia vioo, akavigusa kidogo kwa ncha ya kidole, akapanda. "Twende," akasema, kama alivyosema kila siku.

Wakatoka uchochoroni, wakaingia barabara kuu. Koki akaongeza moto. Mwendo ule ule, mwendo wa kumfurahisha mwanamke wa chuma. Kwenye mteremko wa kuelekea stendi akakumbuka maneno ya mwenye duka, akatupa jicho kioo cha kulia. Gari dogo, mbali. Akatupa jicho cha kushoto.

Ndani ya kioo kulikuwa na uso wa mkewe, na Koki hakuutambua. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu hadi ngozi imekunjamana pembeni. Shavu limepauka. Midomo ilikuwa inacheza haraka haraka bila sauti, kama mgonjwa wa homa. Na mikono ambayo siku zote alidhani imeshika kiti kwa raha ilikuwa imekamata chuma cha nyuma kwa namna ya mtu anayening'inia kisimani.

Anakufa, Koki akawaza. Mke wangu anafia mgongoni kwangu. Akatazama tena. Akageuza shingo kumtazama ana kwa ana.

"Mbele!" mkewe akapiga ukelele, macho bado yamefumbwa. "Tazama mbele!"

Koki akageuka. Mkokoteni wa matofali ulikuwa umbali wa mkono. Akakanyaga breki, pikipiki ikayumba, ikapanda ukingo, ikazimika mbele ya karakana ya seremala iliyokuwa haijafunguliwa.

Mkewe akafumbua macho, polepole, jicho moja halafu la pili, akauliza, "Tumefika?"

"Hatujafika popote! Una nini? Moyo? Tumbo? Nikupeleke kwa daktari?"

"Sina kitu."

"Nimekuona kwenye kioo!"

Mkewe akakitazama kile kioo cha kushoto, kisha akashuka, akanyoosha gauni lake, akakaa juu ya gogo la seremala. "Ndivyo ninavyopanda," akasema. "Leo hakuna jipya."

"Ndivyo unavyopanda tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Koki akachuchumaa mbele yake.

"Nafumba macho pale uchochoroni kabla hujaingia barabarani," mkewe akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza jinsi ya kuanika shuka. "Halafu nahesabu. Kukiwa hakuna foleni, tunafika kwenye mia saba na kitu. Kukiwa na foleni napita elfu. Nikisikia harufu ya sabuni ya hospitali ndiyo nafumbua."

"Miaka sita?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilimtoka nyembamba, si yake. "Mimi nimekuwa nikisema kwa watu... Mama watoto, mimi nimejisifu kwa watu!"

Mkewe akatazama chini. "Ulipoinunua ulikuwa umekaa miezi minane bila kazi. Ulikuwa hucheki, huli, unalala umegeukia ukuta. Siku ile umekuja nayo, umepiga honi uani kama mtoto. Nikasema moyoni, nikimwambia naogopa ataiuza. Nikapiga moyo konde, nikapanda. Halafu siku zikaenda." Akavuta pumzi. "Na mwendo hauniogopeshi sana. Shingo yako ndiyo inayoniogopesha. Kila ukitaka kusema neno unageuka kunitazama. Unanieleza habari ya tangi la mtu, uso wako uko kwangu, na mbele hakuna anayetazama."

Koki alitaka kubisha. Akakumbuka lori. Akajikuta anasimulia yote, honi, upepo, bomba lililonasa, huku amechuchumaa mbele ya mkewe katikati ya mabaki ya mbao. Sasa ikawa zamu ya mkewe kushika mdomo. Alisimama, akamshika mumewe mabega, akamgeuza huku na huku kama anatafuta palipotoboka, kisha akampiga kibao cha bega, cha nguvu.

"Hukuniambia!"

"Na wewe hukuniambia!"

Wakatazamana.

Mkewe hakutaka kupanda tena asubuhi ile, na Koki hakuthubutu kumwambia apande. Akaisukuma pikipiki, mkewe akatembea pembeni, mwendo wa nusu saa juani. Njiani Koki aliuliza kama binti yao, aliyekuwa shule ya bweni, analijua jambo hili.

"Anajua. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Mwanzoni nilikuwa nasali tu, sala zikawa zinaisha kabla ya kufika."

Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi, mvuke unatoka, na wanawake watatu walikuwa wanakunja mashuka mezani. Mmoja, mzee kuliko wote, akapaza sauti bila kuinua kichwa, "Umechelewa leo, mwenzetu! Imefika ngapi? Elfu mbili?"

Wenzake wakacheka. Kisha wakamwona Koki amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, na kicheko kikakatika kama maji ya bomba. Shuka likabaki limetandazwa hewani baina yao.

Basi hata hawa, Koki akawaza. Ulimwengu mzima ulikuwa unahesabu, na yeye peke yake akiwa mbele kabisa, ameshika usukani, hajui.

Siku ile hakufaa kwa kazi. Alifunga sinki la mtu likavuja, akalifungua, akalifunga, likavuja tena. Mchana akaketi juu ya ndoo akajaribu kufumba macho na kuhesabu, ili aone ikoje. Alifika arobaini akashindwa, na alikuwa amekaa juu ya ndoo isiyokwenda popote.

Saa kumi alimfuata mkewe kwa miguu ili warudi pamoja, akiamini amefanya jambo kubwa. Siku zote alidhani mkewe hurudi kwa gari la wafanyakazi. Hakukuwa na gari la wafanyakazi. Kulikuwa na wale wanawake watatu na mkewe, viatu mkononi, wanakata njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali, wanasimuliana na kuchekana hadi wanasimama kushika mbavu. Walipomwona wakajipanga, wakawa na adabu, wakazungumzia bei ya sabuni. Saa nzima ikapita hivyo. Walipofika nyumbani mkewe akasema, "Asante, baba watoto. Ila kesho jioni usije."

Neno hilo lilimwingia. Asubuhi iliyofuata walipatana masharti. Mkewe akimgonga bega la kulia mara moja, apunguze. Mara mbili, asimame. Kuongea ni marufuku hadi pikipiki izimwe. Kioo atupe jicho tu, asikitumbulie macho kama dirisha la duka. Na kama siku moja hataki kupanda, atatembea, na isiwe kesi.

Wiki ya kwanza bega lilimvimba. Wiki ya pili mkewe alitembea siku mbili, kwa ile njia yake ya nyuma ya kiwanda. Kijiweni mtu alianzisha ile habari ya mke wa chuma, Koki akasema anahitajika kwa mteja, akaondoka na chai yake haijaisha.

Wiki ya nne, asubuhi ya Alhamisi, wakiwa bado hawajafika mteremko wa stendi, mwendo wa baiskeli, alihisi kugongwa bega mara mbili. Akasimama kando, akazima injini, akageuka.

Mkewe alikuwa amefumbua macho yote mawili. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, mdomo wazi, kwenye jengo la ghorofa sita lenye maduka chini na nguo zimeanikwa juu.

"Lile limejengwa lini?" akauliza.

Koki akalitazama jengo. Mabomba yote ya ghorofa ya tatu alikuwa ameyafunga yeye mwenyewe.

"Huu mwaka wa nne," akasema.

"Na tunapita hapa kila siku?"

"Kila siku."

Mkewe akashika kichwa. "Ee Mungu wangu," akasema, na akaendelea kulitazama, ghorofa moja baada ya nyingine, hadi Koki alipomkumbusha kwamba wanachelewa.