Paa Lako, Gari Langu

Mvua ile haikuwa na adabu hata kidogo. Ilianza watu hawajanywa chai, ikayapiga mabati, ikajaza mitaro, na ilipoona hakuna wa kuikanya ikaita na upepo. Breki alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, simu sikioni, akimsikiliza dereva wa teksi akimweleza kwamba kule bondeni maji yamepanda, yeye hatoki, labda jioni.

"Jioni nakuhitaji wa nini?" Breki alifoka, akakata simu.

Breki si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi ndio waliombandika, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowapigia kelele kutwa nzima. Gari la shule lilikuwa gereji. Mwanafunzi mmoja aliyetakiwa kurudi nyuma alikwenda mbele, ukutani, na Breki bado alikuwa hajamsamehe.

Ndani, mama alikuwa tayari. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, viatu miguuni. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na dunia nzima aliiona kana kwamba anatazama kupitia mfuko wa nailoni. Daktari wa kupasua macho alikuja hospitali ile mara moja tu kwa msimu, na leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Majina yaliitwa asubuhi. Ukiitwa hupo, anaitwa mwenzako, nawe unasubiri msimu mwingine. Msimu uliopita mama alirudishwa kwa sababu presha ilikuwa juu. Safari hii presha imetulia, dawa amemeza, na usiku kucha hakupata usingizi kwa hamu ya kuona tena uso wa mtu.

"Twende na lile la baba yenu," mama alisema.

"Mama, lile halina paa."

"Najua halina. Nilikuwepo mlipoligawa."

Baba aliacha gari jekundu la michezo, la watu wawili, la wazi, lenye paa la turubai la kuvua na kuvisha. Alipofariki, baba mdogo aliwakalisha wote sebuleni akatoa hukumu ambayo ukoo mzima uliisifu. Binti achukue gari, mwana wa kiume achukue paa. Gari bila paa halifiki mbali, na paa bila gari ni kitambaa tu, kwa hiyo ndugu hawa watake wasitake wataheshimiana. Ni ukoo ule tu ungeweza kugawa gari kama kuku, huyu paja, huyu kidari, kisha watu wakapeana mikono. Mama alikuwa ameketi palepale, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Tangu siku hiyo heshima ilitoweka kabisa. Breki alimwambia mdogo wake alete paa. Mdogo wake, ambaye alikuwa kinyozi mtaa wa pili kutoka hospitali, alimwambia yeye alete gari. Kila mmoja alikaza shingo. Hata asubuhi hii Breki alimeza kiburi akampigia, na jibu alilolipata bado lilikuwa linamchoma: "Lete gari hapa, nivishe mwenyewe. Paa langu halitembei bila mimi."

"Usinililie tena," Breki alimwambia, ingawa aliyekuwa karibu kulia ni yeye.

Basi walitoka hivyo hivyo. Breki alimfunika mama kwa nailoni ya godoro, akamfunga mkanda juu yake, akampa mwavuli. Mwavuli haukufika hata mwisho wa mtaa. Upepo uliugeuza ndani nje, ukamnyang'anya mama mkononi, ukaenda nao kwa majirani. Vifuta kioo vilifanya kazi upande wa nje huku mvua ikinyesha upande wa ndani. Maji yalijaa miguuni, na kila Breki alipokanyaga breki ya kweli yalikimbilia mbele yakamlowesha vifundo vya miguu.

Baba alizoea kusema kwamba ndani ya gari lile mtu halowi akienda kasi, kwani mvua inarukia juu ya kioo na kupita zake. Labda ni kweli. Lakini nani aende kasi katika barabara ambayo mashimo yamejificha chini ya maji? Breki alitambaa, na mvua ikamwangukia utosini kama inayomdai. Lori lilipita likawamwagia tope. Watu waliojibanza kwenye vibaraza vya maduka walisahau shida zao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Dada, umesahau kufunga mlango wa juu!" mmoja alipiga kelele.

"Na wewe umesahau kufunga mdomo!" Breki alimjibu.

Mama hakucheka wala hakulalamika. Alishika mkoba wake chini ya nailoni. "Tutawahi?" aliuliza.

"Tutawahi, mama."

Na wangewahi. Hilo ndilo linaloudhi. Walifika njia panda mapema, na hospitali ilikuwa mbele, moja kwa moja, jengo lake unaliona. Kulia ndiyo njia ya kwenda kwa kinyozi. Breki alimtazama mama yake, kilemba kimelowa chapachapa, maji yanatiririka puani, mwanamke mzima amefungwa nailoni kama godoro la kuhamisha. Damu ikamchemka. Aliona ni lazima yule mdogo wake ayaone haya kwa macho yake. Ayaone leo, yakiwa mabichi, asije akaambiwa baadaye akasema dada anatia chumvi.

Akakata kulia.

"Huku siko," mama alisema. Macho hayakuona, lakini mwili wake uliijua kona ile.

"Dakika mbili tu. Nachukua paa, tunakwenda ukiwa mkavu."

"Nimeshalowa. Nipeleke hospitali."

"Dakika mbili, mama!"

Saluni ya kinyozi ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, katika kichochoro chembamba cha kupita gari moja. Nje, juu ya benchi la wateja, kulikuwa na kivuli kilichofungwa kwa kamba kwenye misumari. Breki alikitazama mara moja tu akakijua. Ni turubai jeusi, lenye kidirisha cha plastiki nyuma na fremu yake ya chuma. Chini yake wateja walikuwa wamekaa wakavu, mmoja anasoma gazeti, mwingine anakula karanga.

Breki alilizima gari katikati ya njia. Alishuka na maji yake yote.

"Paa la baba yangu ndilo umewatandikia wala karanga?"

Mwenye karanga aliacha kutafuna. Kinyozi alitoka na mashine mkononi, nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni na kichwa kilichonyolewa nusu. Alimwona dada yake, akaliona gari, kisha akamwona mama yake ndani ya nailoni. Uso ulimshuka. Lakini mbele za wateja mtu hakubali kirahisi, na kinyozi alichagua kuvimba.

"Umemtoa mama kwenye mvua hii? Una akili kweli?"

"Mimi ndiye niliyemvua paa?"

"Ungeniambia ni hospitali!"

"Nilikuambia! Ulikuwa unasikiliza, au ulikuwa unahesabu vichwa?"

"Uliniambia nilete paa, basi. Wewe hujui kuomba, unajua kuamrisha tu. Mimi si mwanafunzi wako!"

Walirushiana maneno huku wanafungua kamba, na wateja wakahama taratibu kuingia ndani, kwa maana mvua sasa ilikuwa yao pia. Nyuma ya gari jekundu lilifika gari la mikate. Lilikuwa la mwanamke mwenye koti la kazi, aliyekuwa akisambaza madukani, na alikwama hapo, hana pa kupita. Alipiga honi. Breki aligeuka akamwonyesha kiganja.

"Subiri! Huoni watu wana shida?"

Mwanamke wa mikate alipiga tena, ndefu zaidi.

Sasa paa lile lilikuwa na ukorofi wake. Lilikuwa na kibanio kila upande, na vibanio vile havikubali kuingia kimoja kimoja. Ilibidi wawe watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, wahesabu, wabane kwa pamoja. Enzi za baba, kibanio cha kulia kilikuwa chake na cha kushoto kilikuwa cha mama. Walihesabu kwa sauti moja, paa likaingia, tap, na safari ikaanza. Watoto waliyaona hayo utoto wao wote. Ila hawakuwahi kushika.

"Moja, mbili…" kinyozi alianza.

"Nani kakuambia uhesabu wewe? Nitahesabu mimi."

"Paa ni langu."

"Gari ni langu!"

"Hesabuni pamoja," mama alisema kutoka chini ya turubai.

Hawakumsikia, au walijitia hamnazo. Breki alihesabu peke yake, kinyozi akabana amechelewa makusudi, paa likaruka. Kinyozi akahesabu, Breki akabana mapema, likaruka tena, na safari hii fremu ilimpiga kidole. Alitoa neno ambalo mwalimu hapaswi kulitoa. Kinyozi akamwambia ndiyo maana hata mume hakukaa. Breki akamwambia afadhali mume kuondoka kuliko kuzeeka na unyoaji nywele wa kichochoroni. Mteja mwenye nusu kichwa alichungulia dirishani akauliza kama yeye atamaliziwa leo, na ndugu wote wawili wakamgeukia kwa pamoja: "Nyamaza!"

Lilikuwa jambo la kwanza walilolisema kwa sauti moja tangu msiba. Labda mikono nayo iliona aibu, maana walibana bila kuhesabu, na vibanio vyote viwili vikaingia, tap.

"Haya!" Breki alisema, akihema. "Mama, umeona? Sasa twende."

Alifungua mlango wa kushoto. Mkanda ulikuwa umefunguliwa. Nailoni ya godoro ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya kiti, na kitini palikuwa na dimbwi la maji. Mama hakuwepo.

Ndipo Breki alipogundua kwamba honi ilikuwa imenyamaza kitambo. Aligeuka. Gari la mikate halikuwepo, kichochoro kilikuwa kitupu mpaka barabarani, na matairi yaliyorudi nyuma yalikuwa yameacha michirizi kwenye tope.

"Amepanda na yule wa mikate," alisema mla karanga kutoka ndani. "Zamani sana, mlipoliacha paa mkasogeleana kutukanana. Sisi tulidhani mmemruhusu."

Waliendesha hadi hospitali bila tone hata moja kuwaangukia, chini ya paa la baba yao. Kinyozi alikalia dimbwi la mama yake na hakuthubutu kusema kwamba amelowa. Breki aliliacha gari langoni, limekaa upande, hata mlango hakuufunga. Walipanda ngazi mbio. Moyoni alikuwa ameshapanga lawama zote za kumtupia kinyozi mama akikosa nafasi yake, na chini ya lawama hizo alijua ni nani aliyekata kulia pale njia panda.

Nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi, mwanamke wa mikate alikuwa amekaa na mkoba wa mama mapajani, na viatu vya mama sakafuni kando ya miguu yake. Alikuwa hana koti lake la kazi.

"Yuko wapi?" Breki aliuliza.

"Ndani."

Nesi alitoka na faili. "Nyinyi ni nani?"

"Watoto wake," kinyozi alisema.

Nesi aliwatazama juu hadi chini. "Jina lake tulikuwa tumeshaliruka. Huyu aliyekaa kwenye benchi alisimama hapa akatubembeleza mpaka daktari mwenyewe akatoka. Nikamuuliza mgonjwa ana nani wa kumsubiri, akasema anaye huyu."

Breki alimnyooshea mwanamke wa mikate mkono. "Asante, dada. Basi nipe mkoba wa mama."

"Kasema nisimpe mtu," yule mwanamke alijibu, na hakuachia.

Walisubiri wima, kwani kwenye benchi hakuna aliyewapisha. Mama alipotoka, jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na amevaa lile koti la kazi, kubwa, lenye unga kwenye mikono. Nesi alimshika kiwiko. Kinyozi alianza kulia waziwazi.

"Paa limekaa?" mama aliuliza.

"Limekaa, mama," alisema kinyozi.

"Nani alihesabu?"

Breki alikishika kidole chake kilichopigwa na fremu.

"Mimi nimekaa kwenye kiti kile miaka yote, kibanio cha kushoto mkononi mwangu," mama alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Breki angetamani ipande. "Mkaligawa mbele yangu kama nimekufa pamoja na baba yenu. Nikanyamaza. Leo nimewaambia hospitali, nikawaambia hesabuni, mkaniacha chini ya turubai mkitukanana. Mkanifundisha kwamba nina macho mabovu na sauti pia sina. Haya. Mmepata paa. Nendeni nalo nyumbani."

"Mama, tutakupeleka sisi," Breki alisema. "Sasa garini ni kukavu."

"Nina usafiri."

Akavaa viatu vyake, akachukua mkoba wake, akashika mkono wa mwanamke wa mikate, wakashuka ngazi polepole. Watoto wake waliwafuata kwa mbali, kama watu waliokatazwa. Nje mvua bado ilikuwa ikinyesha. Breki alikuwa bado anatafuta maneno ya kuomba radhi, akiyapanga na kuyapangua, wakati honi ilipolia langoni.

Gari jekundu lilikuwa limeziba njia tena. Honi ililia mara ya pili, ndefu, haina haya, na Breki akapiga hatua kwenda kumwambia yule mwanamke asubiri kidogo. Kisha akaona ndani ya kioo. Mwanamke wa mikate alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mkono uliokuwa juu ya honi ulikuwa wa mama.

Breki alikimbia kwenye mvua kwenda kuliondoa gari.